Idhaa, Mkondo au Kijenzi? Maoni Juu ya Istilahi za Rangi Katika Picha za Kompyuta

Hivi karibuni tumepata kuusoma mwongozo mmoja wa kuhariri picha kwa kompyuta, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafunzo ya maofisa habari na walimu wa sanaa. Mfasiri wake hatutamtaja, wala chombo kilichompa kazi hiyo, kwa sababu makosa tutakayoyajadili si yake peke yake. Tumeyakuta pia katika maandishi mengine ya namna hiyo, na baadhi yake yamekwisha kuingia darasani. Isitoshe, kazi yenyewe ina mengi ya kusifiwa. Sentensi zake ni za Kiswahili, si za Kiingereza kilichovishwa kanzu. Pale ambapo kitu huwekwa juu ya kitu kingine katika picha, mfasiri ametumia neno "tabaka", na hatuoni jingine litakalolishinda. Taabu iko katika sura ya tatu, inayoeleza jinsi rangi zinavyoungana hata zikafanya picha.

Sura hiyo yaanza kwa kusema kwamba kila picha ya rangi "hupitia idhaa tatu". Kurasa mbili mbele, idhaa zimekuwa "mikondo", na katika zoezi la mwisho zimekuwa "mifereji". Hayo ni mabaya, lakini liko baya zaidi. Zoezi lamwambia mwanafunzi "achanganye rangi nyekundu na kijani ili apate kahawia". Asili ya Kiingereza, ambayo tunayo mbele yetu, yasema manjano. Twadhani mfasiri au mhariri aliliona neno hilo, akakumbuka bakuli la rangi la darasa la uchoraji, akaamua kwamba mwandishi wa Kiingereza alikosea, akamsahihisha kwa nia njema. Mwanafunzi atakayelifanya zoezi hilo ataona manjano kwenye kioo cha kompyuta. Atakachojifunza hapo ni kwamba kitabu cha Kiswahili kimemdanganya na kile cha Kiingereza kimesema kweli. Hasara ya namna hiyo hairekebishwi kwa kipande cha karatasi ya masahihisho, na ndiyo iliyotufanya tuandike.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Picha ya kompyuta ni jedwali la nukta, ambazo wengi sasa huziita pikseli. Kwa kila nukta kompyuta huhifadhi namba tatu: ya kwanza yaeleza mwanga mwekundu uwe kiasi gani, ya pili mwanga wa kijani, ya tatu mwanga wa buluu. Katika picha za kawaida kila namba huanzia 0 na kukomea 255, kwa hiyo kila mwanga una ngazi 256, na ngazi hizo zikipangwa kwa kila namna hupatikana rangi 16,777,216. Zote tatu zikiwa 0, nukta ni nyeusi. Zote zikiwa 255, ni nyeupe. Zikilingana popote katikati, tunapata kijivu. Nyekundu ikiwa 255, kijani 165 na buluu 0, tunapata rangi ya chungwa.

Sasa tuchukue namba za mwanga mwekundu peke yake, za nukta zote za picha, tuziweke kando. Tumepata nini? Tumepata picha nzima, yenye sura, miti na nyumba, ila haina rangi yoyote. Ni picha ya kijivu, ambayo penye wekundu mwingi pana weupe, na pasipo wekundu pana weusi. Kadhalika ya kijani, na kadhalika ya buluu. Picha moja ya rangi imefanywa kwa picha tatu za kijivu. Anayeshika jambo hilo moja ameshika sura yote ya tatu ya mwongozo ule, na neno la Kiswahili litakalochaguliwa lapaswa kumfikisha hapo.

Jambo hilo, tena, ni la zamani kuliko kompyuta. Mwezi Mei 1861, katika Taasisi ya Kifalme mjini London, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu picha ya utepe wa kitambaa cha mirabaraba. Mpigapicha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe huo mara tatu, kila mara akiweka mbele ya kamera chujio la maji ya kemikali yenye rangi: jekundu, la kijani, la buluu. Vioo vya picha vilivyotokea vilikuwa vya kijivu. Maxwell akaviwekea taa tatu, kila kioo na chujio la rangi yake, akaielekeza mianga yote mahali pamoja ukutani, na rangi za utepe zikaonekana. (Baadaye iligunduliwa kwamba dawa za picha za siku zile hazikuweza kuuona mwanga mwekundu, na kwamba chujio jekundu lilipitisha mionzi ambayo jicho halioni, iliyokuwa ikirudishwa na kitambaa chekundu. Jaribio lilifaulu nusu kwa bahati. Lakini kanuni yake ilikuwa sahihi, na kompyuta zote zaifuata mpaka leo.)

Mfano wa pili ni bora zaidi kwa mwalimu, kwa kuwa waonyesha vipande vikiwa mbalimbali. Kati ya mwaka 1909 na 1915 Mrusi Sergei Prokudin-Gorskii alizunguka katika dola ya Urusi akipiga picha kwa vioo virefu, kila kioo kikibeba picha tatu, moja chini ya nyingine: ya buluu juu, ya kijani katikati, ya nyekundu chini. Mwaka 1948 Maktaba ya Bunge la Marekani ilivinunua vioo hivyo kwa warithi wake, na tangu kuanza kwa karne hii vimeingizwa katika kompyuta na picha zake tatu tatu kuunganishwa. Picha ya Amiri wa Bukhara, iliyopigwa mwaka 1911, joho lake la buluu likiwa na maua, huwashangaza watu kana kwamba ilipigwa jana. Hata hivyo, kwa shughuli yetu picha zilizoharibika ndizo zenye faida. Kwa kuwa picha tatu hazikupigwa kwa dakika ile ile, mto unaokwenda kasi huonekana una michirizi myekundu, ya kijani na ya buluu, na mtoto aliyegeuza kichwa huwa na kivuli cha rangi mgongoni. Mahali kitu kilipotulia, picha tatu zalingana na rangi yatokea. Mahali kiliposogea, zaachana, na kila moja yaonekana kwa rangi yake.

Turudi sasa kwenye maneno. Neno la Kiingereza lililomtaabisha mfasiri wetu lina asili ya Kilatini yenye maana ya bomba au mfereji wa maji. Kutoka majini lilihamia katika mawasiliano, na kwa televisheni ya rangi lilifaa, kwa sababu kamera ilitoa ishara tatu na kila ishara ilikuwa na njia yake ya kupita. Kompyuta zikalirithi jina hali zimekwisha kuiacha njia. Kiingereza kina haki ya kutembea na historia yake. Sisi hatulazimiki kuibeba.

"Idhaa" ni utangazaji. Tuna Idhaa ya Kiswahili ya redio hii na ile, na msomaji akiambiwa picha imepitia idhaa tatu atauliza ilitangazwa saa ngapi. "Mkondo" ni wa maji au umeme, na shuleni ni wa darasa lililogawanywa A na B. Kila mara ni kitu kinachokwenda, au watu wanaokwenda sambamba bila kuonana. Katika picha iliyohifadhiwa hakuna kinachokwenda. "Mfereji" nao hauna hata umoja wa maana baina yetu: wa Dar es Salaam ni wa maji ya mvua kando ya barabara, na wa Mombasa ni bomba la kutekea maji ya kunywa.

Liko pia neno "chaneli", ambalo mfasiri wetu hakulitumia, lakini wengi hulitumia, na wapo watakaosema liachwe lishike. Hatuna chuki na maneno ya mkopo. Tumeona mwisho wa ushindani wa "ngamizi", "tarakilishi" na "kompyuta": watu walichagua, na kamati zilifuata. Tatizo la chaneli ni kwamba kila mtu mwenye televisheni analijua tayari, na analijua kwa maana iliyo kinyume cha hii. Chaneli za televisheni huchaguliwa; ukitazama moja umeziacha nyingine. Katika picha, zote tatu hufanya kazi pamoja katika kila nukta, na ukiondoa moja picha yaharibika. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba picha ina chaneli tatu atatafuta kitufe cha kubadilishia. Hata hivyo, tungelazimishwa kuchagua kati ya manne hayo, chaneli ndiyo tungeichukua, maana kosa lake angalau ni moja.

Twapendekeza "kijenzi". Neno hili limekwisha kutumika katika sarufi na sayansi kwa maana ya kitu ambacho pamoja na vingine chaunda kizima, na hapa maana ni ile ile haikubadilika. Picha ina vijenzi vitatu. Kijenzi kimoja kikizimwa, picha imepungukiwa. Kijenzi kimoja kikisogezwa, yatokea michirizi ya mto wa Prokudin-Gorskii. Sentensi hizo zasomeka bila maelezo. Mtu ajaribu kuziandika kwa idhaa au kwa mfereji aone.

Lakini kijenzi cha nini? Hapa ndipo tunapotaka wasomaji watusikilize kwa makini kidogo. Mtu akisema "kijenzi chekundu" amesema uongo, kwani tumekwisha kuona kwamba kijenzi ni cha kijivu. Tena atakwama anapoendelea. Katika Kiswahili ni rangi tatu tu zilizo na vivumishi vya asili vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote tumezipata kwa kutaja vitu, majani, majivu, kahawa, chungwa, au kwa kukopa. Kati ya mianga mitatu ya kompyuta, mmoja tu ndio ulio na kivumishi. Tutaandika "kijenzi chekundu" kisha "kijenzi cha kijani" na "kijenzi cha buluu", na mwanafunzi mwerevu atadhani kuna tofauti ya maana pale ambapo pana tofauti ya sarufi tu.

Lugha yenyewe imetuwekea njia. Tuna "wekundu" kama tulivyo na "weupe" na "weusi": nomino za u- zinazotaja sifa ikiwa peke yake, bila kitu kilicho nayo, sifa iwezayo kuzidi na kupungua. Husemwa wekundu wa macho umepungua. Kijenzi cha picha chahifadhi kitu hicho hasa, yaani kiasi cha sifa, na wala si rangi. Kwa hiyo twasema kijenzi cha wekundu, kijenzi cha ukijani, kijenzi cha ubuluu. Mawili ya mwisho yataonekana mageni kwa siku chache. Lakini anayesema "umanjano" wa macho ya mgonjwa hatakataa "ubuluu". Na tazameni jinsi maelekezo yanavyonyooka: wekundu 255, ukijani 255, ubuluu 0. Hakuna anayeweza kuyasoma hayo akafikiri juu ya ndoo ya rangi ya ukutani.

Ndoo hiyo ndiyo asili ya kosa la kahawia. Neno letu "rangi" labeba mambo mawili, kile kinachoonwa na jicho na kile kinachouzwa dukani kwa lita, na kitenzi "kuchanganya" huvuta daima upande wa duka. Rangi ya dukani haitoi mwanga. Hufyonza sehemu ya mwanga unaoiangukia na kurudisha uliobaki. Nyekundu ikitiwa katika kijani, kila moja hufyonza kile ambacho mwenzake angerudisha, na kinachobaki ni kidogo na cheusicheusi. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga chenyewe. Mwanga mwekundu ukiongezwa juu ya mwanga wa kijani, jicho lapata zaidi, wala si pungufu, na jina la zaidi hiyo ni manjano. Basi mfasiri atumie "kujumlisha" kwa mwanga, na "kuchanganya" aliache kwa wino na ndoo. Kitenzi cha hesabu hapa hakikuja kwa ajili ya pambo: mianga ikijumlishwa, kiasi chake hujumlishwa kwelikweli.

Mwalimu anayetaka ushahidi adondoshe tone dogo la maji juu ya kioo cha simu kinachoonyesha ukurasa mweupe. Tone litakuza kama lenzi, naye ataona vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu, na weupe hatauona. Wazanzibari, walioanza kutazama televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya sehemu nyingi za Afrika, walikuwa wakivitazama vidoa hivyo kila jioni.

(Neno "mwanga" tunalitumia hapa kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika vitabu vya fizikia. Tunajua wako wazee wa mwambao wasiolipenda, kwa kuwa mwanga kwao pia ni mchawi wa usiku, na wangependelea "nuru". Hatuna ugomvi nao, mradi kitabu kimoja kisitumie yote mawili.)

Liko jambo jingine linalotupa nguvu ya kukitetea kijenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa New York, walibuni namba ya nne ya kila nukta, ambayo haielezi mwanga wowote. Yaeleza nukta hiyo ifunike kiasi gani kilicho chini yake: ikiwa 255 imekifunika chote, ikiwa 0 yaacha kionekane kizima. Waliokuwa wameamua kuviita vijenzi "rangi za msingi", na tumewakuta, sasa wana rangi ya msingi isiyo rangi. Sisi twasema kijenzi cha ufunikaji, na mambo yaendelea.

Kuhusu kamera tutapita upesi. Mwongozo wasema kamera "hupiga picha tatu kwa mpigo". Zipo za namna hiyo, lakini nyingi hufuata mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hati yake ya ubunifu ilitolewa mwaka 1976: kila kijicho cha kamera huwa na chujio moja tu, nusu ya vijicho vyote vikiwa vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, na namba zinazokosekana hukadiriwa kutoka kwa majirani. Kijani kimepewa nusu kwa sababu jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga huo kupima mng'ao. Kwa sababu hiyo hiyo, picha ya rangi ikigeuzwa kuwa ya kijivu, vijenzi havigawanywi sawasawa: kipimo kimoja kilichozoeleka huhesabu wekundu kwa 0.299, ukijani kwa 0.587 na ubuluu kwa 0.114. Sentensi ya mwongozo isemayo "vijenzi vitatu vina uzito sawa" yapasa kufutwa.

Yabaki uchapaji, ambao kwa maofisa ndio wenye gharama. Anayetengeneza bango la sikukuu ya taifa huiona bendera kwenye kioo kwa mwanga, na mtambo huichapa kwa wino, na wino ni mambo ya ndoo. Kijani, manjano na nyeusi huvuka bila taabu kubwa. Buluu kali ya kioo haina wino wa kuifikia, nayo hutoka imefifia au imeelekea zambarau. Ndipo ofisi humlaumu mchapaji. Mwongozo ungeweza kuyaeleza hayo kwa aya moja, lakini haukuweza, kwa kuwa tangu mwanzo umetumia "rangi za msingi" kwa mafungu mawili bila kuyatofautisha. Ziko rangi za msingi za mwanga: nyekundu, kijani, buluu. Ziko rangi za msingi za wino: manjano na nyingine mbili, ambazo mchapaji huziongezea nyeusi. Mwalimu wa uchoraji afundishaye nyekundu, manjano na buluu yuko karibu na fungu la pili, wala hakosei katika darasa lake.

Hizo nyingine mbili mfasiri ameziita "samawati" na "urujuani". Tumeyapima majina hayo kwa muda mrefu, maana ni mazuri, na hatukuyakubali. Urujuani ni rangi ya ukingo wa upinde wa mvua, hali rangi hii ya wino haimo kabisa katika upinde: ni jibu la jicho linapopata mwekundu na buluu bila kijani. Mmoja wetu alipendekeza "damu ya mzee", lakini hiyo ni nyeusi mno. Samawati nayo, kwa wengi wa Kenya, ndiyo buluu yenyewe. Kitabu kitakachosema kwamba ubuluu ukijumlishwa na ukijani hupatikana samawati kitasomeka Nairobi kana kwamba kimesema buluu ni buluu na kijani. Kwa hiyo twapendekeza "majenta" na "sayani", maneno mawili ya mkopo yasiyo na maana nyingine ya kugombana nayo. Samawati ibaki mbinguni, na katika ushairi.